Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alijifunza kukataa darasani kwangu. Nalisema hili bila kujisifu, maana sikukusudia kumfundisha hivyo. Nilikuwa nimepewa darasa la watu wazima katika jengo la kanisa, Jumanne na Alhamisi mchana, baada ya shughuli za shamba. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanawake na wazee wachache kusoma, kuandika, na siasa kidogo. Siasa yenyewe niliijua kwa kukariri tu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwetu Endagikot, nikaolewa mbali na kwetu, ukingoni mwa nyanda za juu za Mbulu, upande ambao siku ya anga safi Mlima Hanang unaonekana wote. Na kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee pale aliyeweza kusoma gazeti kwa sauti bila kukwama, nikafanywa mwalimu.

Siku ya somo la demokrasia nilisimama mbele yao, mimba yangu ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuonekana, nikawaeleza kama nilivyoelezwa kwenye semina. Watu wanakaa, wanajadili, kisha wanaokubali wanainua mikono, wanahesabiwa. Halafu wanaokataa nao wanainua yao. Wengi ndio wanaoshinda. Wachache wanasikilizwa, hawaadhibiwi.

Mama mkwe alikaa benchi la mbele, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Akainua mkono.

"Mwalimu," akasema. Darasani aliniita mwalimu, nyumbani mwanangu. "Huyo mmoja aliyekataa, kesho yake anasalimiwa?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Anasalimiwa, mama. Kwa nini asisalimiwe?"

Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja mboga kujua kama chumvi imetosha.

Ili swali lake lieleweke lazima niseme jinsi watu wetu walivyokuwa wakiamua mambo. Kwa Wairaqw wa zamani, na hao wa zamani nimewakuta, hakukuwa na kuhesabu mikono. Wazee walikaa uwanjani, mmoja akafungua kwa sala ndefu ya kuombea mvua, ng'ombe na watoto, na kila mstari wenzake wakiitikia kwa mvumo wa pamoja unaousikia hadi kifuani. Kisha wakaanza kusema. Asiyekubali alisema, akajibiwa, akasema tena. Hakuna aliyemwambia ameshindwa. Kama jua lilizama kabla hajakubali, walirudi kesho. Niliwahi kuona mzee mmoja mbishi, hana hata ng'ombe wa kumpa sauti, akiwashikilia wenzake siku kadhaa kwa ajili ya chemchemi moja, na wote wakamvumilia mpaka wakapata njia iliyomridhisha na yeye. Ni jambo zuri. Hata leo nikilikumbuka nalionea fahari.

Mjukuu wangu anasoma falsafa ya siasa chuo kikuu. Likizo iliyopita aliniambia kwamba siku hizi kuna wanafalsafa wanaosema Afrika iachane na kura za kushindana, hizi zinazotugawa na kutununua, irudie desturi ya kukaa mpaka wote wakubaliane. Alinisomea ukurasa mzima, macho yanang'aa. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Alipomaliza nikamuuliza kitabu kinasema nini kuhusu siku ya pili yake. Akasema, "Siku ya pili ya nini, bibi?" Nikajua huyo mwanafalsafa hakuwahi kukaa kijijini kwetu.

Maana desturi ile ilikuwa na upande wake wa pili. Kwa kuwa neno halipiti mpaka wote wakubali, basi likishapita ni la wote, na anayebaki nje ya neno hilo anabaki nje ya watu. Anatengwa. Hapigwi wala hatukanwi. Haombwi moto wala hapewi, haingiliwi nyumbani, hakuna anayekula naye, salamu yake haipokelewi. Na si yeye peke yake, ni nyumba yake yote, mpaka arudi mwenyewe na kusema amekubali. Mama mkwe alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana aliniuliza vile, na mimi na elimu yangu ya darasa la saba nikacheka.

Mwaka ule maneno ya kuhamia vijijini yalikuwa kila mahali. Kwenye redio yalikuwa wimbo, kwenye njia ya mnada yalikuwa mnong'ono. Sisi tulikuwa tunakaa tumetawanyika mtelemkoni, kila nyumba na shamba lake, na tulitakiwa tushuke mbugani, tujenge kwa mistari kando ya barabara ya malori yanayotoka upande wa Basotu kwenye mashamba ya ngano. Huko tungepata shule, zahanati na maji ya bomba. Hayo yalikuwa mazuri na hakuna aliyesema ni mabaya. Lakini tulisikia pia kwamba kuna mahali watu waliosita walijikuta mgambo wako juu ya nyumba zao wanaezua. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wanaume walianza kulala na shuka zao mabegani, na mimi nikaanza kuamka kila lori liliponguruma mbali huko chini.

Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mpole, mwenye kuamini kabisa kwamba nchi yetu changa itafika kama kila mtu atasukuma. Nampa haki yake, hakuwa mnafiki. Lakini ubalozi ulimfanya aogope kwa niaba ya nyumba kumi, na mtu anayeogopa mara kumi hasikilizi vizuri. Wazee walikuwa wamekaa peke yao kabla ya kuja kwa mgeni wa wilayani aliyetumwa kutuuliza, na walikuwa wamefikia neno: tukubali wote. Nusu yao hawakutaka kushuka. Walikubali kwa sababu walidhani kijiji kinachosema ndiyo kwa sauti moja hakitaletewa mgambo. Umoja ulikuwa ngao yao.

Katika kikao hicho hawakuwaita wanawake. Mama mkwe alikuwa mjane, mwenye nyumba na shamba lake, na sisi tulikuwa tunakaa kwake, lakini neno lilifika kwake likiwa limeshapikwa. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi siendi mbugani."

"Mama, ni wote."

"Baba yako alinipeleka kule nikiwa bibi arusi, tukafuata malisho. Nilizaa wawili kule na wote nimewazika kule, homa. Tukapanda huku juu, nikakuzaa wewe na dada zako. Huku juu sijazika mtoto." Akanitazama tumboni. "Huyu hatakwenda kule mvua zikiwa zinaanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake yote. Hakuwa mpinzani wa siasa wala mchoyo wa shamba. Alikuwa anamkataza mbu asimle mjukuu wake. Mimi nilikaa kati yao na ugali umepoa mkononi, nikitamani wote wawili wawe sawa.

Mgeni akaja. Alikuwa kijana kutoka mikoa ya mbali, nguo zake nadhifu, adabu zake zilinipendeza tangu alipoanza kuwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, bila kuruka hata mmoja. Wanawake tuliitwa safari hii, tukakaa upande wetu nyasini. Mzee mmoja akafungua kwa sala, watu wakavuma, na mgeni akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akaeleza mpango, akaeleza vizuri, akamaliza kwa kusema anataka uamuzi wa wananchi wenyewe, si wa kulazimishwa. Wanaokubali wainue mikono.

Mikono ikainuka kama mtama. Wa mume wangu ulikuwa wa kwanza. Na wangu, ndiyo, uliinuka. Nilikuwa mke wa balozi.

"Wanaokataa?"

Aliuliza kwa desturi tu, ameshaanza kuangalia lori lake. Ndipo mkono mmoja ukapanda upande wa wanawake, mweusi, mwembamba, bangili ya shaba ikateleza mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe aliuinua kama nilivyofundisha, mkono umenyooka, kiganja wazi ili uhesabike.

Vichwa vyote vikamgeukia. Mgeni ndiye pekee ambaye hakuuogopa mkono ule. Alitabasamu, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Mmoja. Ahsante mama. Hiyo ndiyo demokrasia, ndugu zangu. Kukataa ni haki yake na hana kosa. Lakini wengi wape." Akashukuru, akapanda lori, akaondoka.

Wanaume hawakusimama. Kwake yeye mkutano ulikuwa umekwisha, kwao ulikuwa haujafungwa, kwa kuwa palikuwa na mtu bado yuko nje. Mzee aliyeomba sala, jirani yetu, mtu aliyetuletea asali tulipooana, akamgeukia mama mkwe na kuzungumza naye kwa upole. Wakazungumza mpaka jua likazama. Kesho yake wakazungumza tena. Nasema tena kwamba hakuna aliyemtukana. Walimbembeleza. Mmoja alimwambia, "Mgeni amesema huna kosa. Ruksa yake inaishia pale lori lake linapokata kona. Akija mgambo atakuuliza wewe peke yako, au atatuuliza sote?" Lilikuwa swali la haki. Mama mkwe alikuwa na neno lake moja tu, kwamba kule amezika.

Siku ya tatu mzee yule akatamka kwamba nyumba yetu imejitoa. Alitamka huku analia. Mume wangu aliyasikia hayo akiwa amesimama, balozi wa nyumba kumi, na tangu saa ile akabaki na nyumba moja.

Nilikuwa nimebakiza wiki chache nijifungue. Na jambo lililonikosesha usingizi nilikuwa nalijua mapema: mkunga wetu, bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amenipapasa kabla ya haya yote na kuniambia mtoto hajageuka. "Usiogope," alisema, "siku ikifika nitakuwepo, mikono hii imewageuza wengi." Sasa mikono hiyo isingeweza kuvuka kizingiti chetu. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, mvua zilikuwa zimeanza kukata njia, na kwenda kwa mama yangu Endagikot ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa mtu mwenye miguu myepesi. Miguu yangu ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Kutengwa hakuna kelele, ndiyo ubaya wake. Asubuhi ya kwanza nilikwenda chemchemini na kibuyu changu, nikamkuta bibi mmoja anateka. Nikapiga goti kidogo kama kawaida. "Shikamoo, bibi." Akaendelea kuteka. Nikadhani hakusikia. "Shikamoo, bibi." Nikaona midomo yake inatetemeka, kisha akajitwika maji na kunipita, akiangalia mahali pengine. Tangu nimezaliwa sikuwahi kutoa shikamoo ikabaki hewani. Nilisimama pale na aibu kama vile mimi ndiye niliyemkosea, halafu aibu ikageuka hasira, nikaupiga teke udongo wa chemchemi. Kisha nikaogopa kwamba nimemshtua mtoto.

Nyumbani tuliulinda moto kama mgonjwa. Kibiriti hakikupatikana dukani wakati ule, na huwezi kumwomba kaa la moto mtu asiyekusalimia. Mama mkwe alilala karibu na mafiga, akiamka kuufunika kwa majivu na kuuamsha tena. Mume wangu alimsihi. "Mama, ni mkono tu. Uinue, uushushe, basi." Mama akamjibu, "Kama ni mkono tu, kwa nini wanauhitaji hivyo?"

Nilimwelewa mume wangu na nilimwelewa mama yake, na nilikuwa na hasira na wote wawili. Nilikuwa na hasira na yule kijana nadhifu aliyetangaza haki kisha akaondoka nayo kwenye lori. Hata leo, nikisikia watu redioni wanajadili kama ni bora wengi watawale au wote wakubaliane, huwa nauliza peke yangu jikoni: na yule mmoja analala wapi usiku huo? Kuhesabu mikono kulimshinda mama mkwe kwa dakika moja na kumsahau. Kukubaliana hakukumsahau hata kidogo. Kulikaa mlangoni kwake kila siku, kwa upendo, mpaka apinde.

Uchungu ulinishika alfajiri, mvua inanyesha. Kufikia jua kuchomoza nilikuwa siwezi kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa bado mzazi, nilikuwa nahisi tu kitu kimekwama ndani yangu kama mlango uliovimba. Mama mkwe alinishika mgongo, akapapasa tumbo, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Alikuwa amezaa, hakuwa amezalisha. Mume wangu alikimbia kwa mkunga. Akarudi peke yake. Alimkuta mkunga amesimama nyuma ya mlango wake, analia, naye akamwambia, "Nikija kwako, nani atakuja kwangu?"

Mama mkwe alinawa mikono, akajifunga shuka vizuri kama mtu anayekwenda kanisani, akainama karibu na sikio langu akaniambia, "Shikilia, mwanangu." Akatoka kwenye mvua.

Yaliyofuata aliniambia mume wangu, na aliniambia mara moja tu maishani. Wazee walikuwa wamejibanza chini ya paa la jirani, karibu sana, kwa sababu na wao hawakuweza kukaa mbali. Sauti yangu ilikuwa inawafikia. Mama akasimama mbele yao akasema, "Nimekubali. Mleteni mkunga."

Na yule mzee, kwa sababu desturi inadai hivyo, kwa sababu neno la kulazimishwa si neno na linaweza kuleta laana juu ya wote, akamuuliza, "Umekubali kwa moyo?"

Wakati ule nilipiga ukelele. Wote waliusikia. Mama mkwe akasema, "Kwa moyo."

Wakavuma ule mvumo wa baraka. Kabla hawajamaliza, wanawake walikuwa tayari wanakimbia kuja kwetu, mkunga mbele. Walikuja na maji ya moto. Sikulitafakari hilo mpaka baadaye sana: maji hayo hayachemki kwa dakika moja. Walikuwa wameyachemsha tangu alfajiri, kila mmoja nyumbani kwake, wanayaongezea kuni, wanasubiri waruhusiwe.

Mkunga alimgeuza mtoto kwa mikono yake yote miwili, nami nikadhani nimekufa. Hakuwa mzito, lakini alilia. Wa kiume. Mama mkwe alimpokea, akamfuta.

Kesho yake nyumba ilijaa. Maziwa, uji wa mtama, kuni kavu zilizofichwa mvua isizipate, watu wanacheka, wanaume nje wanakunywa pombe na kumwita mume wangu balozi tena. Yule bibi wa chemchemini aliingia, nikamwamkia nikiwa nimelala. "Marahaba," akasema, "marahaba, marahaba, mwanangu," kama anayelipia zote alizoninyima. Alikuwa anatokwa na machozi ya furaha ya kweli. Nami nilimwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja, na hofu hiyo ndiyo iliyobaki. Walitupenda. Wangetufanyia vile vile tena wiki ijayo, na wangelia tena.

Tulihama kabla mtoto hajaweza kushika kichwa chake vizuri. Sitasema kila kitu huko mbugani kilikuwa kibaya. Shule ilisimama upesi, watoto waliokuwa wakichunga walikaa madawatini, na barabara ilikuwa karibu. Mume wangu alifurahi, alipenda kuona nyumba zimepangwa kwa mstari. Lakini udongo mweusi ule hauachi maji yaende. Mvua ziliposhika, kila shimo tulilochimba udongo wa kujengea lilijaa, na jioni mbu walikuja kwa sauti ya pamoja. Zahanati ilikuwa kuta bila paa. Mwanangu alishikwa na degedege akiwa ndio anaanza kukaa. Nilimwona amekakamaa, macho yamegeuka, na mama mkwe akimpepea na kumwita kwa jina la utani alilompa yeye mwenyewe, anamwita tu, anamwita, mpaka akarudi. Mtoto wa jirani upande wa kulia hakurudi. Kisha mjukuu wa mkunga naye hakurudi. Mama mkwe alikwenda kwenye misiba yote, akapika, akachota maji, na hakusema hata mara moja yale ambayo mtu mwingine yeyote angesema. Nilingojea aseme. Nafikiri wote walikuwa wanangojea, na walimwogopa kidogo kwa kutosema kwake.

Nyumbani, kila mtu alinung'unika. Turuhusiwe kupanda juu wakati wa mvua, walau wenye watoto wachanga. Lakini habari ilipokuja kwamba kijana wa wilayani anarudi kututembelea, wazee wakakaa tena, na neno likapita kama zamani: tuombe paa la zahanati, tusiseme habari ya kurudi juu. Atakayesema ya kurudi atatufanya wapinzani sote. Wote walikubali. Mume wangu aliniletea neno hilo jioni, akaniangalia usoni kuona kama nimelimeza.

Kijana alikuwa amenenepa kidogo, adabu zile zile. Aliwaamkia wazee wote. Alisema anasimulia habari zetu kila anakokwenda, kwamba hiki ni kijiji ambacho mtu mmoja alikataa mbele ya watu, asilazimishwe, akaelimishwa na wenzake kwa majadiliano mpaka mwenyewe kwa hiari yake akakubali. "Huo ndio ukomavu," alisema, "hiyo ndiyo demokrasia yetu sisi." Watu wakamtafuta mama mkwe kwa macho na kutabasamu. Yeye alikuwa ameketi kando yangu, miguu imenyooshwa, anakwangua tope kwenye kisigino.

Mzee akaomba paa. Likaahidiwa. Kijana akauliza, "Kuna mwingine mwenye jambo? Semeni kwa uhuru."

Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala, na joto lake lilipita kwenye kitambaa mpaka kwenye ngozi yangu. Ilikuwa homa ya tatu tangu mvua zianze. Nilitazama upande wa mkunga aliyefiwa na mjukuu. Nilidhani atasema yeye. Alikuwa anaangalia chini. Basi nikasikia mkono wangu unainuka. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekasirika, na ulikuwa umefika usawa wa bega, kiganja kinafunguka, nikitafuta neno la kwanza la Kiswahili kizuri ambalo angelielewa.

Mama mkwe akaudaka mkono wangu. Aliushusha hadi mapajani, chini ya shuka yake, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Mkono wake mwingine akauweka tumboni kwangu. Nilikuwa na mimba changa, ambayo hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Yeye alikuwa ameijua.

"Utazalishwa na nani?" akaninong'oneza.

Kijana alisubiri kidogo, akaangalia upande wa wanaume, akaangalia upande wetu. Akasema basi, ahsanteni sana, ndugu zangu, kwa umoja wenu. Watu wakaanza kupiga makofi, na mama mkwe akauachia mkono wangu ili apige na yeye.